Grinda haifai kukatia mabati ya paa, hasa huku kwetu pwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wenye nyumba wengi wa Mtwara na Lindi humwachia fundi peke yake, nalo ni chombo kinachotumika kukatia bati siku ya kuezeka. Mwenye nyumba hujadiliana kwa siku nyingi juu ya rangi ya bati, geji yake, yaani unene wake, mbao za kenchi na kilo za misumari, lakini mzigo ukishafika kiwanjani haulizi kamwe mabati hayo yatakatwa kwa kitu gani. Mimi ni fundi mwezekaji ninayefanya kazi kati ya Mikindani na Mtwara mjini, na kabla ya hapo nilifanya kazi hiyohiyo Newala. Hoja yangu ni kwamba grinda yenye diski ya kusaga isitumike kabisa kukatia mabati ya paa, na kwamba mwenye nyumba ana haki ya kulitaka jambo hilo liandikwe katika makubaliano yake na fundi kabla bati la kwanza halijapandishwa juu.

Kuezeka katika mikoa hii kuna msimu wake, na msimu huo ndio unaoipa grinda nguvu. Fedha za korosho huanza kuingia mikononi mwa watu minada ikifunguliwa mwezi Oktoba, na mvua zetu, ambazo ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kati ya malipo ya mnada na mvua ya kwanza kuna wiki chache tu, na katika wiki hizo kila mtu anamtaka fundi. Fundi mwenye nyumba tatu zinazomngoja hupenda chombo chenye kasi, na grinda ni chombo chenye kasi kwelikweli: atapanga mabati matano pamoja, atapiga mstari mmoja, na kabla hujamaliza kusalimiana na jirani kazi imekwisha. Sishangai, basi, kwamba vijana wengi wanaoingia katika kazi hii hawajawahi kushika mkasi wa bati.

Ili kuelewa ubaya wa kasi hiyo ni lazima kwanza tujue bati limetengenezwaje. Bati la kawaida la paa ni chuma chembamba kilichovikwa zinki pande zote mbili. Ufundi wa kukivika chuma zinki iliyoyeyushwa ulipewa hataza huko Ufaransa mwaka 1837, na ubora wake ni kwamba zinki haikizibi chuma tu kama rangi inavyoziba ukuta, bali pia huliwa badala yake. Pale chuma kinapobaki wazi kidogo, iwe kwenye mkwaruzo au kwenye ukingo uliokatwa, zinki iliyo jirani hukubali kuliwa kwanza na chuma kikasalimika kwa muda mrefu. Baadhi ya mabati ya rangi yanayouzwa siku hizi yana mchanganyiko wa alumini na zinki chini ya rangi, na katika mchanganyiko unaotumika zaidi alumini ni asilimia 55, zinki ni asilimia 43 na ushei, na sehemu ndogo iliyobaki ni silikoni. Mavazi yote hayo, pamoja na rangi iliyo juu yake, ni membamba mno, na ndiyo uhai wa paa. Chuma chenyewe cha geji 28 au 30 kikiachwa bila mavazi hayo hakina siku nyingi.

Sasa, diski ya grinda haikati kama kisu kinavyokata. Inasaga, na kusaga huzaa joto. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi na huchemka kwenye nyuzi 907, na zile cheche nzuri zinazoruka nyuma ya fundi ni chembe za chuma zinazoungua, zenye joto kubwa kuliko hilo. Ukilikagua bati lililokatwa kwa grinda utaona pembeni mwa mstari rangi imefura malengelenge au imebadilika, na ukingo una miiba ya chuma iliyokunjamana. Zinki ambayo ingejitoa kuliwa kwa niaba ya chuma imeungua mahali palepale ilipokuwa inahitajika.

Nimewahi kujibiwa na mafundi wenzangu kwamba hata kiwandani bati hukatwa, na ukingo wake pia una chuma kilicho wazi, kwa hiyo tofauti iko wapi. Swali hilo ni la haki. Kiwandani bati hukatwa kwa makali yanayopishana, mithili ya mkasi mkubwa, bila moto. Chuma kinachobaki wazi ni upana wa unene wa bati tu, yaani sehemu ndogo ya milimita moja, na zinki nzima iko juu na chini yake ikikilinda. Kwa hiyo sisemi kwamba kukata ni kosa. Kukata hakuepukiki, hasa kwa nyumba zetu za siku hizi zenye paa la pande nne na mabonde ya kila namna, yaani mifereji pale pande mbili za paa zinapokutana, ambapo karibu kila bati la pembeni hukatwa mshazari. Ninachokataa ni kukata kwa moto.

Madhara ya ukingo, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mbaya zaidi, ni zile cheche. Kila cheche ni chembe ya chuma kitupu. Ikiruka na kuangukia bati la rangi ikiwa bado ya moto, huchimba kidogo na kushika, na ufagio wa kawaida hauiondoi. Umande wa usiku mmoja au siku mbili huigeuza kuwa kutu, na mvua ya kwanza huchirizisha kutu hiyo chini ya paa. Huku kwetu umande huo si maji matupu. Upepo wa kusi unaovuma kutoka baharini hubeba chembe za chumvi, chumvi hiyo hutua juu ya paa, hunyonya unyevu hata siku isiyo na mvua, na huharakisha kutu kuliko maji ya mvua peke yake. Paa lililokatwa vibaya Masasi au Nachingwea linaweza kuificha aibu yake kwa miaka kadhaa, lakini lililoko Shangani, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko halitaificha kwa muda huo.

Hapo ndipo lawama inapomwangukia asiyehusika. Mwenye nyumba anaona vidoa vya kahawia, anarudi dukani kwa hasira na kusema ameuziwa bati feki. Mabati hafifu yapo, sikatai, na kila mnunuzi aangalie alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na apime unene wa anachokinunua. Lakini kabla ya kumgombeza mwenye duka, mwenye nyumba apande ngazi aangalie kutu imeanzia wapi. Bati likiwa hafifu, kutu hujitokeza popote: katikati ya karatasi, juu ya migongo, hata kwenye mabati ambayo hayakuguswa na chombo chochote. Chombo kikiwa ndicho chenye kosa, kutu hufuata mistari iliyokatwa, kwa hiyo utaiona kwenye mabonde, kwenye kona za paa na kandokando ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, pamoja na vidoa vidogo vilivyotawanyika kama pilipili manga upande ule cheche zilikoelekea. Vidoa vikiwa vimekaa kwa mtindo huo hakuna haja ya kumtafuta mchawi mwingine. Zaidi ya hayo, watengenezaji wengi wa mabati ya rangi huonya dhidi ya diski ya kusaga, na wapo wanaokataa kuheshimu dhamana yao ikiwa bati limekatwa hivyo. Sijui wenye nyumba wangapi huisoma karatasi ya dhamana kabla ya kuifungia sandukuni.

Niseme pia, kwa ufupi, juu ya hatari. Katika mitaa na vijiji vyetu nyumba ya bati bado hupakana na nyumba ya makuti, na makuti makavu wakati upepo unavuma hayahitaji cheche nyingi. Pili, wapo mafundi wanaotoa kava ya grinda ili waone mstari vizuri, na wapo wanaofunga juu ya grinda msumeno wa kukatia mbao. Grinda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na meno ya msumeno huo yakinasa kwenye bati, mashine humrukia aliyeishika usoni au mapajani. Hata diski yenyewe ina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopigwa muhuri kwenye kipete chake cha katikati, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe zake huchoka, hasa katika unyevu kama wa kwetu. Ni mafundi wachache sana wanaoitazama tarehe hiyo.

Kama grinda haifai, tukate kwa nini? Jibu la kwanza ni kutokata kabisa pale inapowezekana. Mabati mengi ya migongo mipana hukatwa kwa urefu ambao mteja ameagiza, kwa hiyo fundi akipima paa baada ya kenchi na papi, mbao zinazopigiliwa bati, kukamilika, na si kwa kukisia kutoka kwenye ramani, paa la pande mbili linaweza kuezekwa bila kukata isipokuwa bati la mwisho. Wengi hununua karatasi za mita 3 kwa mazoea, kisha wanakata na kuunga, na vipande vinaishia kuwa mlango wa banda la kuku.

Chombo cha pili, na kwangu mimi ndicho chombo cha msingi, ni mkasi wa bati. Nasema mkasi ulio bora, si ule mzito wa kukatia nyaya unaotafuna ukingo. Mikasi mizuri yenye egemeo mbili huja ya namna tatu, na kwa kawaida rangi ya mpini ndiyo inayoitambulisha: wa njano hukata mstari ulionyooka, mwekundu hukata kuelekea kushoto na wa kijani hukata kuelekea kulia. Fundi aliye na mwekundu na wa kijani pamoja hakwami kwenye bonde wala kwenye bomba linalotoboa paa. Siri ya kuutumia ni kutoufunga mpaka ncha, kwa sababu ncha ikifungwa huacha kijino kila mara, na vijino hivyo ndivyo vinavyokata mikono na kuanzisha nyufa kwenye rangi. Ufunguliwe wote, usukumwe mpaka kooni, ufungwe robo tatu, kisha usukumwe tena. Ukingo wa upande unaotupwa ndio ujikunje, ule unaobaki ulale sawa. Kukata bati kwa urefu wake kwa namna hii ni kazi nyepesi, na kwa bati la geji 30 hata mwanafunzi wa siku ya kwanza ataiweza.

Tabu iko katika kukatiza migongo, na sitadai kwamba haipo. Mkasi ukifika kwenye mgongo ulioinuka wa bati la msauzi hukosa nafasi, bati hupondeka, na mkono huchoka mapema. Kwa kazi hiyo kuna mashine ya kung'ata bati, ambayo hutoboa vipande vidogo vyenye umbo la mwezi mwandamo, kimoja baada ya kingine, bila kuzaa joto la kuunguza zinki na bila kulikunja bati. Ipo inayofungwa mbele ya drili ya kawaida, hata ya betri, na kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami wala hakuna haja ya jenereta. Ubaya wake ni vile vipande vyenyewe: ni vikali, hujificha kwenye nyasi na kwenye kandambili za watoto, na ni lazima vikusanywe vyote. Fundi atandike turubai chini kabla ya kuanza, baadaye alikunje na kulikung'utia kwenye ndoo. Anayetaka kasi zaidi anaweza kutumia msumeno wa duara wenye meno yaliyotengenezwa kwa ajili ya kukata chuma, lakini bati ligeuzwe uso chini ili chenga zisikwaruze upande wa rangi, na kazi ifanyike ardhini, mbali na mabati mengine, kamwe si juu ya paa lililokwisha kuezekwa.

Vyombo vya zamani navyo visidharauliwe. Tindo na nyundo huacha ukingo mbaya, na hakuna anayeipenda kelele yake, lakini haliunguzi bati, na ukingo huo ukifichwa chini ya kofia hautadhuru kitu. Msumeno wa chuma wa mkono hufaa kwa bati moja au mawili, kwa sharti kwamba utumie wembe wenye meno madogo, 32 kwa inchi, na ulilaze msumeno karibu usawa wa bati, kwa kuwa bati ni jembamba mno na ukiusimamisha meno hunasa na kukatika. Kuna na njia ya kisu, ambayo hapa kwetu haijulikani sana: kwenye sehemu bapa kando ya mgongo, fundi huchora mstari mzito kwa kisu kikali akifuata rula ya chuma, kisha hukunja bati mbele na nyuma mpaka likatike lenyewe. Hufanya kazi kwa urefu wa bati tu, lakini ukingo wake ni safi kuliko wa mkasi.

Kabla ya kukata kuna kuchora, na hapa kuna kosa dogo ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Penseli ya seremala tunayoichomeka sikioni haifai kuchorea bati la zinki wala la alumini na zinki, kwa kuwa risasi yake nyeusi, ambayo kwa kweli ni grafiti, ikilowa huanzisha ulaji wa kemikali kwenye mavazi ya bati, na mwaka mmoja baadaye utauona mstari wako uleule umeandikwa kwa ukungu mweupe au kwa kutu. Itumike kalamu ya wino mzito au chaki ya rangi. Baada ya kukata, ukingo uliotoka kiwandani ndio uelekezwe chini, kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa chini wa paa, ambako maji huning'inia na upepo wa bahari hupiga, na ukingo uliokatwa kiwanjani upelekwe juu, chini ya kofia, au ufichwe chini ya bati linalolalia. Jioni, kabla ya kushuka, paa lote lifagiliwe kwa brashi laini, kwa sababu hata chenga za drili inayotoboa matundu ya skrubu huota kutu.

Kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba jambo hili lina uzito wa ziada. Kule juu kwenye uwanda wa Makonde visima ni shida, na kaya nyingi hutegemea maji yanayokingwa kutoka kwenye paa hadi kwenye tangi la chini. Chenga na kutu vinavyotoka kwenye mabonde yaliyokatwa kwa grinda huishia kwenye tangi hilo.

Mafundi wenzangu watasema kwamba nawaongezea siku za kazi bila kuwaongezea malipo. Ni kweli kwamba mkasi na mashine ya kung'ata bati huchukua muda mrefu zaidi kuliko grinda, na kwa paa la pande nne tofauti inaweza kufika siku nzima au zaidi. Siku hiyo mwenye nyumba ailipie. Akilinganisha malipo ya siku moja ya fundi na msaidizi wake na bei ya bati moja la rangi, sidhani kama atalalamika sana. Wenye maduka ya mabati nao wangeweza kusaidia kwa kununua mashine mbili au tatu na kuzikodisha kwa siku, kama wanavyokodishwa watu vichanganya zege, maana si kila fundi anaweza kununua ya kwake.

Ombi langu la pili ni kwa halmashauri zetu. Madarasa, zahanati na nyumba za walimu nyingi hujengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambapo kamati ya eneo hununua vifaa na kuajiri mafundi wa karibu. Katika orodha ya vifaa utakuta mabati, kofia, misumari na rangi, lakini mkasi na mashine ya kukatia haviandikwi, kwa kudhaniwa kwamba fundi atakuja navyo. Fundi huja na grinda. Mhandisi wa halmashauri akiongeza mstari mmoja katika maelekezo ya kazi, kwamba mabati yasikatwe kwa diski ya kusaga, na akaongeza gharama ya mikasi miwili katika makisio, kamati itakuwa na la kumwonyesha fundi.

Kwa wale ambao paa zao zimekwisha kukatwa kwa grinda, si lazima kungoja zitoboke. Zioshwe kwa maji baridi na brashi laini mapema iwezekanavyo, na vidoa vilivyoshika visuguliwe kwa dodoki la plastiki. Brashi ya waya na pamba ya chuma zisikaribie, kwani huacha chuma kingine juu ya kile kilichokuwapo. Kwenye kingo, kutu iliyolegea iondolewe kwa msasa mwembamba, pafutwe pakauke, kisha papakwe kwa brashi ndogo rangi yenye zinki nyingi, upana wa kidole tu na si zaidi, kwa sababu rangi hiyo hupauka tofauti na ya kiwandani na paa litaonekana lina viraka. Miezi ya Juni hadi Septemba, kabla minada haijafunguliwa na kabla mafundi hawajaadimika, ndiyo inayofaa kwa kazi hiyo.

Wako,
Fundi mwezekaji,
Mikindani, Mtwara